Lori na Ndege Isiyo na Rubani: Nani Atafikisha Kifurushi Mashambani?

(Maneno yaliyosemwa na mfanya kazi wa reli mbele ya wanachama. Yanachapwa hapa kwa ajili ya ndugu ambao zamu zao hazikuwapa nafasi ya kuhudhuria.)



Kamati imetuomba sisi wa upande wa reli tuseme machache juu ya jambo ambalo wengi wameanza kulizungumza katika stesheni, katika gareji za malori na katika vibanda vya chai. Jambo lenyewe ni kazi ya kupeleka vifurushi mashambani kwa lori pamoja na ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, ambayo watu huiita droni. Wengine wanasema ni mchezo wa watoto. Wengine wanasema ndio mwisho wa dereva na taniboi wake. Sisi twaona maneno hayo yote mawili hayatoshi. Chama cha wafanya kazi hakiwezi kujibu jambo kisilolijua. Kwa hiyo tutaeleza kwanza kitu chenyewe ni nini na chafanya kazi namna gani. Kisha faida yake na mipaka yake. Na mwisho yale yatupasayo kuyadai kabla hayajaletwa mbele yetu yakiwa yamekwisha amuliwa.

SABABU YA WATU WA RELI KUSEMA

Huenda ndugu mmoja akauliza: watu wa reli wana nini na vifurushi vya mashambani? Jibu ni hili. Kazi ya kuchukua mzigo mwingi kutoka pwani kwenda bara kwa mashine ilianza kwa reli. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu, mwaka 1901. Baadaye zikajengwa njia ndogo, kama zile za Solai, Kitale, Nyahururu na Butere. Nyingi zilijengwa hasa kwa faida ya mashamba ya walowezi, lakini zilionyesha jambo moja la kweli: njia kubwa peke yake haimfikii mkulima. Malori yalipozidi barabarani, njia ndogo nyingi zilinyamaza, na nyasi zikaota katikati ya reli. Basi twajua ya kwamba mzigo hauna ndugu. Hufuata njia iliyo rahisi, na kazi ya watu huufuata mzigo.

Tena twajua ugumu ulipo. Kupeleka mifuko elfu kwa treni moja si shida kubwa. Shida ni kipande cha mwisho cha safari. Tuseme kifurushi kimetoka Mombasa, kimepita Nairobi, kimefika Nanyuki. Njia yote hiyo kimesafiri pamoja na vingine vingi, na gharama imegawanywa kwa wengi. Lakini kikitoka Nanyuki kwenda kwa mama mmoja aliye ng'ambo ya korongo, basi lori zima, na dereva, na taniboi, na dizeli, vyote vinakwenda kwa ajili ya kitu kimoja cha uzito wa kilo moja. Ndiyo maana mara nyingi lori haliendi kabisa. Mama hupigiwa simu aje mjini achukue mwenyewe. Hulipa nauli ya kwenda na kurudi, na siku yake ya kazi shambani imekwisha. Mwenye lori atasema ameokoa gharama. Si kweli. Gharama haikupotea, imehamishwa tu kutoka mfuko wake kwenda mfuko wa mama.

KAZI YENYEWE INAVYOKWENDA

Sasa tuangalie namna ya lori na droni kufanya kazi pamoja. Jaribio moja lililojulikana sana lilifanywa Marekani tarehe 20 Februari 2017, mahali paitwapo Lithia, karibu na mji wa Tampa katika jimbo la Florida. Kampuni kubwa ya vifurushi iitwayo UPS ililifanya pamoja na kampuni ya Workhorse, watengenezaji wa lile lori na ile droni.

Mambo yalikwenda hivi. Lori lilikuwa la umeme. Droni ilikaa juu ya paa la lori, na chini yake ulining'inia mfano wa kizimba kilichoingia ndani ya lori. Dereva alitia kifurushi katika kizimba bila kutoka nje, akabonyeza mahali palipo tayari katika kioo cha chombo chake, na paa likafunguka. Droni ikaruka kwa njia iliyopangwa kabla, ikapeleka kifurushi nyumbani kwa mtu. Huku nyuma dereva hakukaa kuingoja. Aliendelea na safari yake kupeleka kifurushi kingine. Droni ilipomaliza kazi ilimfuata ikarudi juu ya lori, na hapo betri yake ikapata kutiwa umeme tena. Ilielezwa ya kwamba droni ile yaweza kubeba ratili 10, yaani kama kilo nne na nusu, na kukaa hewani nusu saa.

Ndugu zangu, msisikilize habari njema tu. Siku ile ile, walipotaka kurudia mara ya pili mbele ya waandishi wa magazeti, droni ilishindwa kuruka, ikaanguka upande juu ya lori, nusura ipondwe na kifuniko cha paa. Hatulisemi hili kwa kucheka. Twalisema ili mjue kwamba ni mashine kama mashine nyingine, na kila mashine inataka mtu aliye karibu anayeijua.

Kwa hiyo lori limekuwa kama stesheni inayotembea. Lori lachukua mzigo mwingi na mzito mpaka karibu. Droni yachukua kile kidogo na chepesi kwenda pale ambapo gurudumu lafika kwa taabu.

Kuna fumbo ndani ya kazi hii, na wanachuo wameliandikia sana. Mwaka 2015 wataalamu wawili wa Marekani, Murray na Chu, waliliweka katika hesabu: nyumba zipi ziachiwe lori, zipi ziachiwe droni, droni iruke wapi, na lori liwe wapi wakati wa kurudi? Lori likichelewa, droni itaishiwa na betri hewani. Droni ikichelewa, lori litasimama bure na dereva ndani. Kwa mtu wa reli fumbo hili si geni hata kidogo. Kwenye njia moja, treni mbili hupishana stesheni. Moja ikichelewa nyingine hungoja, na anayezipanga asipokuwa na akili njia yote hufungwa. Nasi twajua ya kwamba wapangaji hodari hawakuwa wale waliokaa mezani tu, ila wale waliowauliza madereva na magadi mahali ambapo treni huchelewa kweli.

HESABU NDOGO

Natufanye hesabu kama tulizofanya darasani. Tarakimu hizi ni za mfano, lakini kila dereva hapa atazitambua.

Lori lina vifurushi 40 katika njia ya soko moja. Vifurushi 37 viko kando ya barabara. Vitatu viko ng'ambo ya korongo. Kwa macho ni kilomita 3 tu, lakini kwa barabara lazima kuzunguka mpaka darajani kilomita 12, na kurudi kilomita 12. Lori likinywa lita moja kwa kila kilomita 5, safari hiyo ya kilomita 24 itakula karibu lita 5 za dizeli, na zaidi ya saa moja ikiwa barabara ni ya mawe. Kila lita ya dizeli ikiungua hutoa zaidi ya kilo 2 na nusu za ile hewa ya ukaa inayoongeza joto la dunia. Kwa hiyo vifurushi vitatu vimegharimu kilo 13 hivi za hewa hiyo, mbali na tairi na springi.

Droni itakwenda kilomita 3 na kurudi 3, mara tatu, maana kwa kawaida hubeba kimoja kimoja. Jumla ni kilomita 18. Droni ndogo ya kubeba kilo mbili hivi haitahitaji zaidi ya uniti moja au mbili za umeme kwa kazi hiyo. Na katika nchi yetu sehemu kubwa ya umeme hutoka katika mvuke wa ardhi huko Olkaria, katika maji ya Mto Tana, na katika upepo wa Turkana. Hapo faida yaonekana wazi.

Lakini ibadilisheni hesabu. Nyumba tatu zile zikiwa kando ya barabara, lori lipitapo, droni haina faida yoyote. Kusimama kidogo na kumpa mtu mzigo wake mkononi ni rahisi kuliko kuirusha mashine. Na kifurushi kikiwa kizito, droni itakuwa kubwa, na droni kubwa hula umeme mwingi. Mwaka 2018 wataalamu, Stolaroff na wenzake, walipima jambo hili wakaona kwamba droni ndogo yaweza kupunguza moshi kuliko lori, lakini ikibidi kujenga maghala mengi kila mahali ili droni zipate pa kuanzia, faida hupungua au huisha. Hapa ndipo lori linapopata heshima yake. Lori likiwa ndilo ghala linalotembea, hakuna haja ya kujenga maghala mengi. Kwa hiyo anayesema droni itaondoa lori mashambani hakufanya hesabu. Droni bila lori haifiki mbali, na haibebi gunia.

YALIYOKWISHA FANYWA KARIBU NASI

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Rwanda ilianza Oktoba 2016. Kampuni ya Zipline iliweka kituo Muhanga, ikaanza kupeleka damu hospitalini kwa ndege ndogo zenye mabawa. Ndege hurushwa kwa mtambo mfano wa manati, hufika juu ya hospitali, huangusha sanduku kwa mwavuli wa karatasi, kisha hurudi bila kutua huko. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la matibabu la Lancet Global Health ulionyesha kwamba damu ilifika mapema kuliko kwa barabara kwa dakika 79 mpaka 98, na damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67 baada ya mwaka mmoja. Kwa mama anayetoka damu wakati wa kujifungua, dakika 79 si jambo dogo. Kampuni hiyo baadaye ilikuja hapa Kenya pia, upande wa Kisumu.

Tanzania nao walijaribu mwaka 2018. Kwa miezi sita droni ya DHL ilipeleka dawa kutoka Mwanza mpaka kisiwa cha Ukerewe katika ziwa letu hili. Mwendo wa kilomita 60 ulichukua dakika 40 hivi. Kwa barabara ilielezwa kuwa ni kilomita 240 na saa sita.

Yafaa kutambua jambo moja. Droni hizi za Rwanda na Ukerewe zaruka kutoka kituo kisichohama. Zafaa kwa dawa na damu, vitu vyepesi vya haraka, na hatuwezi kuwa adui wa kitu kinachookoa maisha ya wake zetu na watoto wetu. Lakini kifurushi cha kawaida, yaani kipuri cha pampu, viatu vya shule, betri ya redio, dawa ya ng'ombe, hakiwezi kulipia kituo cha namna hiyo. Kifurushi cha kawaida kinataka kusafiri na wenzake. Ndiyo maana mpango wa reli, lori na droni kwa pamoja ndio unaoelekea kuwafaa watu wa mashambani: treni kwa safari ndefu, lori kutoka stesheni mpaka sokoni, droni kwa lile korongo la mwisho, na mtu wa kijiji kukipokea.

Twasema mtu wa kijiji kwa makusudi. Kampuni ya JD ya China ilipoanza kupeleka vifurushi vijijini kwa droni mwaka 2016, droni haikwenda mlango kwa mlango. Ilitua kwa mtu mmoja wa kijijini aliyechaguliwa, naye ndiye aliyevigawa nyumba kwa nyumba. Basi hata huko mwisho wa kazi ulikuwa mkono wa mtu.

MIPAKA YAKE

Mvua kubwa na upepo mkali huizuia droni. Katika masika, wakati barabara zimeharibika na droni yatakiwa sana, ndipo nayo yaweza kulazimika kukaa chini. Betri huchakaa, na betri ya namna hii ikipigwa au ikitiwa umeme vibaya yaweza kushika moto. Ikifa haitupwi shambani, maana ni sumu.

Tena kuna sheria. Kenya ilitoa kanuni za ndege zisizo na rubani mwaka 2020, na msimamizi wake ni mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA. Bila ruhusa maalum droni haipandi juu ya futi 400, wala hairushwi mbali na macho ya mwenye kuiongoza. Kitu kidogo kilicho kilomita 3 ng'ambo ya korongo jicho halikioni. Kwa hiyo kazi tuliyoieleza inataka ruhusa hiyo maalum. Na anayeongoza droni kwa biashara hana budi kuwa na leseni. Shikeni neno hilo, leseni, maana tutalirudia.

FAIDA ITAINGIA MFUKO WA NANI?

Sasa tumefika penye kiini cha maneno yetu. UPS walipofanya jaribio lile walitoa hesabu yao. Walisema kila dereva wao akipunguziwa maili moja tu kila siku, kampuni itaokoa mpaka dola milioni 50 kwa mwaka. Wakasema pia njia za mashambani ndizo zenye gharama kubwa, maana nyumba ziko mbali mbali.

Hatuna ubishi na hesabu hiyo. Twauliza swali moja tu, ambalo halikuwa katika hesabu: milioni hizo 50 zitaingia mfuko wa nani? Dereva atapata sehemu? Mwenye kupokea kifurushi atapunguziwa bei? Au zote zitakwenda kwa wenye hisa, na dereva aambiwe kwamba kwa kuwa kazi imekuwa nyepesi, apewe njia mbili badala ya moja?

Wenzetu wa chama cha Teamsters cha Marekani, wenye wanachama zaidi ya laki mbili katika kampuni hiyo, waliliona jambo hili mapema. Mwanzoni mwa mwaka 2018, wakati wa kujadili mkataba mpya, walileta dai kwamba vifurushi visipelekwe kwa droni wala kwa magari yasiyo na dereva. Wengine waliwacheka wakisema wanapinga maendeleo. Sisi hatuwacheki. Hatusemi tuige dai lao neno kwa neno, kwa sababu nchi yetu si kama yao. Lakini walifanya lililo la maana: waliliweka jambo mezani kabla mashine haijafika mlangoni.

Wazee wetu wa reli walitusimulia habari za injini za mvuke. Injini ya mvuke ilitaka dereva na mpiga moto, na kila mahali ilitaka watu wa maji, watu wa mafuta na watu wa kuosha boila. Ilipokuja injini ya dizeli, kazi ya kuchochea moto ilikwisha. Dizeli ilikuwa injini nzuri. Hakuna anayelilia moshi. Lakini swali lilikuwa: je, yule mpiga moto atafundishwa kazi mpya, au atapewa barua ya kwaheri? Jibu la swali hilo halimo ndani ya injini. Limo ndani ya mkataba.

MAMBO YA KUDAI

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo haya, myajadili katika matawi yenu.

1. Tajiri yeyote anayetaka kujaribu droni katika kazi ya wanachama wetu aite chama kwanza, aeleze kwa maandishi. Katiba ya nchi ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inatupa haki ya kuwa katika chama na chama kujadiliana kwa pamoja. Natuitumie.

2. Nafasi ya kwanza ya kufundishwa iwe ya wale walio kazini sasa. Tumesema kuna leseni. Basi dereva na taniboi wapelekwe mafunzoni kwa gharama ya tajiri, na siku za mafunzo zihesabiwe kuwa siku za kazi. Wasiletwe vijana wageni wenye leseni, na taniboi aliyeijua njia miaka kumi afukuzwe.

3. Mtu mmoja asipewe kazi mbili. Anayeendesha lori katika barabara ya mawe hawezi kuangalia kioo cha droni pia. Ikiwa droni iko hewani na lori linakwenda, pawe na watu wawili. Hilo ni jambo la usalama wa wote wapitao barabarani.

4. Kazi mpya iwe na daraja lake na mshahara wake. Mwenye leseni ya kuongoza droni si kibarua wa kupakia tu.

5. Usalama. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yamlazimisha tajiri kuzuia hatari. Pawe na sanduku la kuwekea betri, kizima moto, na mafunzo juu ya mapanga ya droni yanayozunguka. Anayeumia alipwe kwa sheria ya fidia ya mwaka huo huo, bila mabishano kwamba alijiumiza kwa kuchezea mashine.

6. Droni ina kamera. Kamera hiyo ni ya kuangalia njia, si ya kumpeleleza dereva anapokunywa chai, wala kuchungulia ua wa mtu. Sheria ya ulinzi wa habari za watu ya mwaka 2019 ipo. Tuitaje katika mkataba.

7. Ndugu zetu wa bodaboda wasisahauliwe. Wao ndio wanaofikisha vifurushi vingi vya mashambani leo, na wengi hawana chama cha kuwasemea mbele ya tajiri. Katika kila soko ambako droni itatua au lori litasimama, kazi ya kupokea na kugawa ipewe watu wa hapo, kwa mapatano yaliyoandikwa.

8. Kinachookolewa kigawanywe. Sehemu iende katika mishahara, sehemu ipunguze bei ya kumpelekea mama kifurushi chake. Tusipodai hili la pili, watu wa mashambani watatuona kuwa wachoyo, na watakuwa na haki.

9. Ikiwa mtu hana budi kupunguzwa kazini, sheria ya ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yataka chama na afisa wa kazi wapewe taarifa kwa muda usiopungua mwezi mmoja, na mtu alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Hiyo ni sakafu, si dari. Mkataba waweza kupita hapo.

KWA WANAOSEMA TUKATAE, NA KWA WANAOSEMA TUNYAMAZE

Ndugu wanaosema tukatae kabisa twawaelewa. Wameona mengi yakiletwa kwa jina la maendeleo na kuwaacha watu mikono mitupu. Lakini tukisimama njiani kumzuia mama asipate dawa ya ng'ombe wake, nani atasimama nasi siku ya mgomo? Chama hupata nguvu kwa watu walio nje yake pia. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 ulikuwa na nguvu kwa sababu watu wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa nyumbani walikuwa kitu kimoja. Hawakuwa kila mtu na kibanda chake.

Nao wanaosema tunyamaze, kwamba droni ziko mbali, zikija tutaona, twawauliza: zile njia ndogo za reli ziliponyamaza, nani alikuja kutuuliza? Aliyekaa kimya alisomewa uamuzi kwenye ubao wa matangazo.

KAZI YA MWEZI HUU

Tunamaliza kwa kazi, si kwa maneno. Kila mwanachama wa upande wa malori anaombwa achukue daftari la shilingi chache. Kwa mwezi mmoja aandike kila siku: njia aliyokwenda, kilomita alizotembea, dizeli iliyotumika, vifurushi vilivyofika, na vile vilivyorudi kwa sababu hapafikiki. Aandike jina la korongo, mto au daraja lililomzuia. Aandike pia masaa aliyokaa barabarani bila chakula. Taniboi asiyeandika vizuri amwambie mwenzake amwandikie. Sisi wa stesheni tutaandika vifurushi vinavyolala kwetu bila kuchukuliwa, na siku vilizolala.

Mwisho wa mwezi madaftari yaletwe kwa katibu wa tawi. Tajiri atakapokuja na hesabu yake kuhusu droni, akisema maili hivi na shilingi hivi, tusiwe watu wa kutazamana. Tufungue madaftari yetu mezani, tumwonyeshe njia ipi inafaa droni, ipi haifai, inataka watu wangapi, na mshahara wao uwe kiasi gani. Njia hizo ni sisi tuliozipita kwa mvua na kwa jua. Hakuna mtu azijuaye kuliko sisi.

 Maswali tutayajibu sasa, na yale tusiyoweza kuyajibu tutayachukua kwenda kwa kamati.